Makopo Mawili ya Biskuti na Ubatizo wa Januari

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, wewe hukuwepo, kwa hiyo acha nikumbuke mimi kwa niaba yetu wote wawili. Ilikuwa Desemba, miaka ile ya tisini, bidhaa za nje zilipoanza kuingia bila kujificha, na pale Moshi mjini likafunguliwa duka la kuingia na kujichukulia mwenyewe. Zamani ulisimama nje ya kaunta, ukaomba sukari, ukapewa uliyopewa. Sasa unaingia, unashika, unageuza, unarudisha, na hakuna anayekufokea. Kwa mtu kama mimi, niliyekuwa nafinya nyanya ya muuzaji mwenzangu kabla hata ya kumsalimia, ilikuwa kama nimefika kwetu.

Nilikuwa nauza vitunguu sokoni. Mume wangu Aloisi alikuwa seremala, tumepanga chumba kimoja Shirimatunda, na Agosti ya mwaka ule nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa kwanza. Tukampa jina la babu yake mzaa baba, Gaspari, maana huko kwao Kibosho mtoto wa kwanza wa kiume haulizwi jina, analikuta linamsubiri.

Kilichobaki ni ubatizo. Na hapo ndipo mimi nilipokuwa na jambo langu moyoni.

Mimi si wa mlimani. Kwetu ni Kahe, huko chini kwenye mifereji na mpunga. Ndugu wa Aloisi hawakuwahi kuwatukana wazazi wangu, la hasha. Waliwaita tu "wale wa huko chini," wakitabasamu, na tabasamu lile nililijua uzito wake kama ninavyojua uzito wa gunia lililolowekwa maji. Tangu harusi wazazi wangu hawakuwa wamepanda tena Kibosho. Nilitaka siku moja tu mama yangu akae kwenye kiti kizuri, ahudumiwe, watu waone kwamba mtoto huyu ana bibi wawili. Basi. Sikutaka zaidi ya hapo.

Na siku ya kuonwa na watu, kwa akili yangu ya wakati ule, ilikuwa moja: Krismasi. Unajua mwenyewe jinsi mlima unavyojaa. Aliyeko Dar anapanda, aliyeko Mwanza anapanda, mpaka aliyekuwa amenuna miaka mitatu anapanda na kreti la soda. Harusi, ubatizo, shukrani, vyote vinabanwa kwenye wiki moja. Nikajiwekea tarehe ishirini na sita.

Nikambeba mtoto mgongoni, nikapanda kwenda kumwambia mama mkwe. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamwamkia, akaitikia, akamshika mtoto miguu yote miwili kuona kama imeongezeka unene, kisha akasema kabla sijafungua mdomo:

"Ubatizo ni Januari. Jumapili ya pili. Nimeshaongea na padre."

"Mama, Januari watu wote watakuwa wameondoka."

"Ndiyo. Wataondoka na bei zao."

Akaendelea kumenya. Nikasubiri aongeze neno. Akaniongezea ndizi nimsaidie.

Nilishuka nimekasirika, mwanangu, kiasi kwamba nililipa nauli bila kuomba nipunguziwe, jambo ambalo halijanitokea tena. Nilimwambia Aloisi, "Mama yako anamfanyia mwanangu sherehe ya mabaki. Angekuwa mtoto wa wifi zangu angengoja Januari?" Aloisi akasema mama ameshaongea na padre, akarudi kwenye randa yake. Wanaume wengine ukiwapelekea malalamiko wanakuwa na ubao wa kulainisha.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi nikaingia lile duka. Nilitaka angalau kitu kimoja cha maana kwa mama yangu. Duka limejaa watu wa kutoka Dar, wanachukua bila kugeuza upande wa bei. Mwenye duka alikuwa na kalamu nene nyekundu, na nilimwona kwa macho yangu akifuta bei ya mafuta ya kupikia asubuhi na kuandika nyingine kubwa zaidi mchana, mafuta yakiwa palepale kwenye rafu, hayajasogea hata inchi.

Katikati wamepanga makopo ya biskuti, makubwa, ya mviringo, yana picha ya nyumba iliyofunikwa theluji. Nikacheka kidogo. Tunauziwa theluji sisi, tunaofungua dirisha tukaiona bure kule juu! Lakini kopo lilikuwa zuri. Bei yake ilikuwa faida yangu ya gunia zima la vitunguu. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikalinunua kwa hasira, na kitu ulichonunua kwa hasira huwezi kumwonyesha mtu. Nikalisukuma chini ya kitanda.

Krismasi yenyewe niliila Kibosho kama wakwe wote wa kike wanavyoila, yaani nimeinama kwenye sufuria. Wifi zangu walikuwa wamejaa sebuleni na watoto wao. "Wifi, chai imeisha huku!" "Wifi, kuna vikombe zaidi?" Si kwa ubaya, ndivyo nyumba iliyojaa inavyokuwa. Mama mkwe alipita nyuma yangu mara kadhaa, akanitazama. Mimi nikajisemea, anahakikisha vikombe vinaoshwa vizuri.

Januari ilipoingia, mlima ukabaki na wenyewe. Jumanne moja mama mkwe akatokea Shirimatunda asubuhi, kwapani ameshika magunia mawili yaliyokunjwa.

"Twende kwenye duka lako la kushikashika," akaniambia.

Duka lilikuwa kimya hata unasikia jokofu likinguruma. Mwenye duka amekaa kwenye kiti cha chini, anatazama mali yake kama mtu aliyeachiwa watoto wa wageni. Kila rafu ina kalamu nyekundu, safari hii inashuka. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo mama. Karibu sana."

"Marahaba. Naona wamekuachia."

"Wameniachia kweli, mama."

Mama mkwe hakuweka kitu kwenye kikapu kwa muda mrefu. Alizunguka duka zima mara moja mikono ikiwa nyuma, kisha akazunguka tena. Kwenye maziwa ya kopo akaniita. "Macho yangu hayafiki hapo chini. Soma tarehe." Nikasoma. "Soma tena." Nikasoma tena. Yalikuwa yanaisha muda mwisho wa Februari. "Ubatizo ni Jumapili hii," akasema. "Tutayawahi."

Kisha akaja kwenye nyanya za kopo. Alipitisha kidole gumba juu na chini ya kila kopo kama anayepapasa tumbo la mbuzi. Yaliyobonyea ubavuni aliyachukua. Moja lililovimba kidogo kwenye kifuniko alilirudisha mbali kabisa, akajifuta mkono. "Lililobonyea limeanguka tu," akaniambia. "Hili lina jambo ndani. Hata wakikupa bure, usichukue."

Halafu akamgeukia mwenye duka. "Haya yamebonyea."

"Mama, bei nimeshapunguza. Na hapa hatupatani, bei imeandikwa."

"Nimeona imeandikwa. Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Basi kalamu si unayo?"

Yule bwana akanitazama mimi aokolewe. Mimi nilikuwa natazama dari.

"Mama, ukichukua katoni nzima naweza kukufikiria."

"Umeona nimekuja na mkwe na magunia mawili. Unadhani nimekuja kununua kopo moja nikatembee nalo?"

Akacheka, akatoa kalamu. Tukapata nyanya, maziwa, tambi, mafuta ya kupikia yenye lebo iliyochanika, na chupa kubwa za juisi ile nzito ya kuchanganya na maji. Karibu na hizo kulikuwa na juisi za boksi zenye picha ya nanasi, zimepunguzwa nusu kwa nusu, nami nikazishika. Mama mkwe akazichukua mkononi mwangu akazirudisha. "Hapo unanunua maji ya mtu mwingine. Maji tunayo kwenye mfereji." Nilipogusa vitunguu vya dukani akaniuliza kama si mimi niliyemuuzia yule bwana. Kwa kweli nilikuwa mimi. Nilivitambua. Alikuwa anaviuza mara tatu ya bei niliyompa, na kwa hilo sikumlaumu, nilijilaumu.

Karibu na mlango yalikuwa yale makopo ya theluji. Krismasi imepita, hakuna aliyetaka theluji tena. Bei ilikuwa imekatwa, ikakatwa juu ya kukatwa. Mama mkwe akachukua moja, akaligeuza, akaniambia nisome tarehe, mara mbili. Akaliweka juu kabisa ya gunia. Nilihisi lile la chini ya kitanda linanichoma mgongoni.

Jumapili ikafika. Wazazi wangu walipanda kutoka Kahe alfajiri wamekodi pikapu, wamekuja na gunia la mchele na jogoo wawili. Niliingiwa na hofu nilipoona uwanja: watu wachache, hakuna gari la Dar hata moja. Nikahesabu viti, nikarudia. Kila mtu alikuwa na kiti.

Mama yangu, kama kawaida ya mama yangu, alifunga kanga kiunoni akaelekea jikoni moja kwa moja. Mama mkwe akamkuta mlangoni. Akamfungua kanga ile kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja.

"Mwenzangu, leo huku hakuna kazi yako."

Akamshika mkono mpaka ukumbini, akamkalisha kwenye kiti cha mto alichochonga Aloisi, kile ambacho wifi zangu hugombania. Baba mkwe, mzee Gaspari mwenyewe, akajaza mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata, akaionja, akampa baba yangu kabla ya mzee yeyote wa ukoo. Machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, yalipopakuliwa, sahani ya mama yangu ilitangulia, na kidari cha mbuzi kilikuwa kimewekwa pembeni kwa ajili yake. Watu wakamsikiliza akieleza jinsi wanavyogawana maji ya mfereji kule Kahe. Kulikuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Nilirudi jikoni kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa machozi. Mama mkwe alikuwa anakoroga juisi kwenye ndoo.

"Ungemwita Krismasi," akasema bila kugeuka, "angekaa wapi? Wanangu wangekaa mbele, ndio wamechoka na safari. Mama yako angepitiliza hapa jikoni akaosha sufuria za watu asiowajua, na wewe ungekuwa unaosha pembeni yake."

Nikamshikia ndoo, naye akaendelea.

"Mama yangu mimi alikuja ubatizo wa Aloisi. Krismasi. Nyumba imejaa. Nilimwona mara moja tu siku nzima, alikuwa ameshika sufuria. Jioni akaondoka, hatukuwa tumesalimiana vizuri." Akaonja juisi, akaongeza maji. "Nimeingoja hii Januari miaka mingi."

Nilitoka nikalifuata lile kopo langu. Nilikuwa nimelipandisha asubuhi likiwa limefungwa kwenye kitenge. Nikaliweka mezani mbele yake, karibu na lake. Akayatazama yote mawili, theluji ileile, nyumba ileile. Akanitazama. Alijua.

"Lipi la Desemba?" akauliza.

"Hili. Au hili." Na kweli, mwanangu, sikuwa na uhakika tena.

Alicheka mpaka akakaa chini. Moja akampa mama yangu mbele ya watu wote, jingine akaniambia nimpe baba yangu, ili wasigombane njiani. Mpaka leo sijui mama alipata la bei gani. Lile kopo lipo Kahe, linatunza sindano na vifungo, na kila mgeni anaambiwa limetoka kwa mkwewe wa Kibosho.

Sasa nikuambie wewe, maana nakuona unavyozunguka na kikapu kwenye haya maduka makubwa ya siku hizi. Usione haya kununua kilichopunguzwa bei. Soma tarehe, na usome tena, halafu jiulize kama wewe na watu wako mtakimaliza kabla haijafika, maana cha bei rahisi kinachooza kabatini kwako umekinunua ghali. Papasa kopo juu na chini. Usilipie maji kama maji unayo. Uliza, hata kama bei imeandikwa, kuna mtu ameishika kalamu. Na usinunue ukiwa umekasirika, hasira haijui kuhesabu.

Lakini punguza kwenye rafu, mwanangu, usipunguze kwenye kiti cha mgeni. Unapopanga siku yako, usianze na nani atakuona. Anza na yule unayetaka akae, umtafutie siku ambayo nyumba ina nafasi yake. Mimi nilidhani nimetupiwa mabaki, kumbe nilikuwa nimetengewa.

Mungu akupe kikapu kisichorudi kitupu, na macho ya kusoma maandishi madogo. Akupe mkwe mwenye ulimi mfupi na kumbukumbu ndefu. Na mama yako, popote atakapokwenda kwa ajili yako, akute kiti.