Saa ya Matangazo ya Vifo

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka, mwanangu, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yetu pale mtaa wa Ziwani, Nairobi, mimi na mama, tukila chakula cha mchana baada ya kanisa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mzee Gitau, jirani yetu wa mlango wa pili, aliingia uani akitoka kwao Murang'a alikokwenda likizo, kofia mkononi, kikapu cha maparachichi begani. Hakwenda kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja kwetu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeingia matangani.

Lakini kabla sijafika hapo, wacha nikueleze habari ya redio, kwa sababu wewe umezaliwa ukakuta kila mtu ana yake mfukoni.

Siku hizo redio haikuwa kitu cha mtu mmoja. Katika safu yetu ya nyumba redio ya maana ilikuwa moja tu, ya Mzee Gitau, karani wa ghala, mtu wa kupiga shati pasi hata kama anakwenda kuchota maji. Sisi wengine tulikuwa na viredio vya kukohoa, betri unazianika juani ili upate angalau wimbo mmoja. Mzee alikuwa na desturi yake. Jioni, taarifa ya habari ikikaribia, aliiondoa redio mezani akaiweka dirishani, uso wake ukatazama nje, uani, kwetu sisi sote.

Habari zikiisha yalikuja matangazo ya vifo. Hapo ningependa ungekuwepo. Mama aliyekuwa akikaanga aliepua sufuria ili mafuta yasipige kelele. Wanaume wa karata walizilaza karata kifudifudi. Watoto walizibwa midomo. Hakukuwa na simu, mwanangu. Mtu akifariki huko kwenu Kitui, watu wako walipanda gari hadi mjini wakalipia tangazo, na jina lako likasomwa, popote ulipo unaombwa ufike nyumbani. Likikupita, limekupita. Na jina la mtu wa uani petu likitajwa, wanawake walikuwa wamemzunguka kabla hajaanza kulia, na kabla usiku haujaingia nauli yake ilikuwa imechangwa. Nimeishi katika kelele nyingi tangu wakati huo, na kibanda changu cha akala, viatu vya matairi, pale sokoni Kariokor kimebomolewa na kujengwa tena, lakini ukitaka kujua ninachokikosa katika maisha ya zamani, si ujana wala muziki. Ni ule ukimya. Watu wote wamenyamaza kwa ajili ya mtu ambaye bado hajulikani.

Sasa, Mzee Gitau alipokwenda likizo, redio alimwachia mwanawe Kimani, rika langu. Nalitaja jina lake na siogopi. Alhamisi kabla ya Jumapili ile Kimani alikuwa amepata kaseti mpya ya disko na amealika marafiki, wasichana wawili wakiwemo. Redio ikabaki mezani, dirisha likafungwa, pazia likavutwa. Mama akaenda kubisha.

"Kimani, baba, weka redio dirishani. Ni saa ya matangazo."

Kimani akatoa kichwa. "Mama Nzioka, leo hakuna mtu amekufa. Leo ni disko."

Ndani wakaangua kicheko. Mama naye akacheka kidogo, kama mtu anayecheka ili asionekane mkali, akarudi kwenye jiko lake.

Basi turudi Jumapili. Mzee Gitau alisimama mbele yetu akasema, "Mama Nzioka, poleni sana. Naona mmerudi upesi. Mlizika salama?"

Mama alikuwa na tonge mkononi. "Tumezika nani, Baba Kimani?"

Mzee aliniangalia mimi. Kisha akaliangalia dirisha lake.

"Hamkusikia?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alhamisi. Nilikuwa kwa ndugu yangu. Wamesoma jina la mama yako, wakakutaja wewe, wakataja na Ziwani. Maziko ni Jumamosi, wakasema. Nami nikamwambia ndugu yangu, afadhali, redio yangu iko dirishani, wamesikia."

Jumamosi ilikuwa jana.

Aliyezikwa ni Susu, nyanya yangu mzaa mama, aliyenilea hadi nikaacha shule darasa la sita nikaja mjini. Susu ambaye kila nikirudi kumwona alininusa kichwani kabla ya salamu, ajue kama nimeoga. Aliniwekea ukoko wa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, chini ya chungu, na akasema uongo kwa watoto wengine kwamba umeisha. Nilitaka kuuona uso wake tu, mwanangu. Sikuwa na haja nyingine.

Mzee Gitau hakumpiga Kimani. Alimwita mbele yetu.

"Alhamisi redio ilikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa meza. Nilikuwa na wageni."

"Redio niliinunua mimi," mzee akasema, "na muziki ni wako, sikukatazi. Lakini ile saa si yangu na si yako. Ni ya mtu ambaye bado hajui kuwa ni yake." Kisha akamgeukia mama akavua kofia aliyokuwa ameivaa tena bila kujua. "Na mimi pia, Mama Nzioka. Nilisikia, nikadhani mmesikia, nikaendelea na chai yangu. Ningeweza kupanda gari usiku ule."

Tulifika Kitui Jumatatu. Joto la kwetu halimngoji mtu na mochari ilikuwa mbali, ndivyo alivyosema Mjomba Mutua aliyesimamia maziko, kwa hiyo tulikuta udongo tu, na matawi ya miiba yamewekwa juu mbuzi wasipande. Mama alipiga magoti. Dada yake mkubwa, Kalondu, alitoka nyumbani akasimama pale kando, mikono kifuani.

"Nairobi nzima hakuna redio?" akauliza.

Mama akajaribu kueleza. Dirisha, Kimani, kaseti. Unavyoyaeleza mambo hayo kaburini yanaonekana madogo kama uongo.

"Dirisha," Kalondu akasema. "Umekosa kumzika mama kwa sababu ya dirisha. Sema tu umekuwa mtu wa Nairobi."

Hakukanyaga kwetu tena. Mama alituma sukari, akatuma leso, akanituma mimi. Alikufa miaka mingi baadaye hapa Umoja, tulikohamia, bila kusikia sauti ya dada yake, na jioni zake za mwisho alikuwa bado anatuomba tupunguze televisheni ikifika ile saa, ingawa nilikuwa nimemweleza kwamba siku hizi watu hupigiana simu. "Punguza tu," alisema.

Usiniambie nisamehe. Kimani yuko hai, ana fleti zake hapa hapa Umoja, akinipita ananipigia honi. Siku moja nilimkumbusha. Akacheka akasema, "Nzioka, si hiyo ilikuwa utoto?" Ndiyo, ulikuwa utoto, wake. Mjomba Mutua aliyeharakisha maziko, yeye na joto lake, namtaja. Kalondu aliyechagua kuamini ubaya, namtaja. Mzee Gitau simtaji katika hao, maana yeye alijitaja mwenyewe.

Sasa kwa nini nakuandikia haya leo? Ni kwa sababu ya jambo la majuzi hapa plotini tunapopanga.

Asubuhi nilikuwa natafuta viatu niende kazini, simu ikalia. Ni lile grupu la wapangaji. Ochieng, kijana aliyehamia Rongai, mwana wa Mzee Otieno wa ghorofa ya tatu, alikuwa ameandika kwamba mama yake amefariki alfajiri hospitalini. Chini yake zikajaa pole. Mikono ya maombi, vijisura vinavyolia, mishumaa. Watu wote wa ploti walikuwa wameona. Nami nikawa nimeshika simu hivi, nikasikia juu, kupitia dirisha la jikoni, Mzee Otieno anapiga mluzi.

Nilitoka. Kwenye ngazi nikakutana na Brayo, mtoto mzuri tu, vitu vyake masikioni. Nikamgusa akatoa kimoja.

"Mzee Otieno ameambiwa?"

"Si iko kwa grupu, buda?"

"Mzee hana grupu. Ana kabambe."

"Basi Ochieng atakuwa amempigia."

Mama Taji akafungua mlango wake, simu mkononi, macho yamejaa machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. "Mimi nilidhani wewe ndiye umepanda, Baba Mwikali," akaniambia.

Kabambe ya mzee, ile simu yake ndogo ya vitufe, ilikuwa imeisha chaji tangu usiku. Alinifungulia mlango akiwa na kifuniko cha chupa ya chai mkononi. "Nzioka, ingia. Ngoja nifunike huu uji, anataka wa wimbi, ule wa hospitali amesema ni maji ya kuoshea vyombo." Akacheka. Alikuwa amevaa koti.

"Keti, mzee," nikasema.

"Nimesimama vizuri tu, nachelewa."

"Keti, ndugu yangu."

Akaniangalia. Akakiweka kifuniko mezani polepole, akaketi, nami nikamshika mkono nikamwambia kwa mdomo wangu. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia ukweli, kwamba tunajua sote. Hilo ndilo lililomliza.

Mwanangu, sikwambii uitupe simu. Hata mimi nauza akala kwa hiyo simu, na vichekesho vyake navicheka. Sikiliza muziki wako, tazama mpira wako. Ila ukiona habari ya mtu, usihesabu walioiona. Jiulize kama mwenyewe amefikiwa, na kama hujui, inuka uende ubishe, hata kama utakuta wengine kumi wametangulia. Watakuona mjinga wa kuchelewa, na hilo halijawahi kumuua mtu. Na kwenu, likiwa lile grupu la ukoo linakuchosha kwa maombi na michango, usilizime sauti siku zote. Acha sikio moja nje.

Mungu akupe majirani wanaopanda ngazi. Akupe watu wa kukuita mapema, na miguu ya kufika ukiitwa. Na siku habari yako nzito itakapokuja, kwa maana itakuja, ikufikie kwa sauti ya mtu anayekujua, naye asiondoke upesi.