Nilivyomtembelea Mwanangu Ofisa Koboko

Aibu hii ningeiacha ife na mimi, lakini wifi yangu Ezaru ameshaitangaza kijiji chetu chote cha Logiri, tena anaongeza chumvi, basi afadhali muisikie kwangu.

Mwanangu Adriko serikali ilimpeleka Koboko, mji wa mpakani, kuwa ofisa, na toka aende hakurudi nyumbani hata Krismasi, mpaka mimi mwanamke mzima nikawa nampakulia chakula kwenye sahani yake, halafu nakila mwenyewe asubuhi kimepoa. Siku moja nikasema basi, nakwenda. Kupiga simu kwanza nilikataa (mama aombe ruhusa kwa mtoto aliyemzaa?), nikamchukua Ezaru na mama wawili wa kanisa, tukafunga unga wa muhogo, tukapanda teksi tukiimba.

Koboko, mtu wa pikipiki ya boda akatuonyesha geti kubwa la bluu: "Ofisa Adriko anakaa humo." Tukaingia na vigelegele. Uani hakuna mtu, kuna jogoo mwekundu mnene anatembea kama bwana mkubwa, na mimi, mama wa mwenye nyumba, nikaamuru: "Ezaru, kamata huyo, chinja."

Tulikuwa tunanyonyoa manyoya alipotokea mama mmoja mfanyabiashara wa Sudani Kusini.

"Mama, hii kuku ya nani?"

"Ya mwanangu, ofisa."

"Adriko? Yeye iko nyuma kule, chumba ya mwisho, napangisha yeye. Kuku hana. Hata mkaa anaomba kwangu!"

Majirani walishajaa getini. "Mama ya ofisa ameiba jogoo!" Ezaru akaficha kisu chini ya kitenge, kana kwamba manyoya hayaonekani.

Adriko akatoka nyuma amejifunga taulo, shati lake la ofisi liko kwenye kamba linakauka, mbavu naziona.

"Mama, kwa nini hukupiga simu?"

"Wewe kwa nini huji nyumbani?"

Akaangalia chini. "Mshahara ni mdogo, na hapa mpakani chumba, maji, mkaa, kila kitu bei iko juu. Na wewe kila siku unasema ofisa alete bati, alete sukari, alete nguo ya shangazi. Nije na nini?"

(Baba yangu alimpikia Mzungu wa serikali Arua zamani, akatuambia mwisho wa mwezi huyo Mzungu alikula muhogo wa mpishi maana mshahara umeisha. Tulisema baba anadanganya.)

Yule mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. "Basi chemsha maji. Kuku amekufa tayari." Tukala barazani kwake, jogoo wake, unga wetu, na mimi nilikuwa naangalia vidole vya mwanangu vinavyofuta sahani.

Geti la mtu siingii tena bila hodi. Na Adriko simwagizi kitu tena, hata chumvi. Aje mikono mitupu, aje amekonda hivyo hivyo, Logiri waseme watakavyo. Mimi nataka tu kumsikia anakohoa ndani ya nyumba asubuhi.