Kishingo Aliyeruka Ukuta

Nikisikia harufu ya pumba iliyolowa maji, ile yenye uchachu kidogo inayokwama puani, sipo tena hapa nilipo. Niko Tabata, uani kwetu, na mama ameinamia beseni anakoroga chakula cha kuku, huku jicho moja likiwa kwenye ukuta wa jirani. Jicho hilo, msomaji wangu, ndilo lililotuletea balaa.

Mama ni mzaliwa wa Singida, na kwa habari za kuku mtu wa Singida humwambii kitu. Tulikuwa wageni mtaani pale alipoamua kuanza ufugaji. Mchuuzi alipita na tenga nyuma ya baiskeli, mama akachagua mitetea wawili wa kawaida na mmoja kishingo, yaani asiye na manyoya shingoni, mwenye sura ya mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Niliahidiwa kwamba vifaranga vya huyo vitakuwa vyangu. Nikampenda papo hapo.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mama alisema, akawafunga kwenye mlimao kwa vipande vya kanga kuukuu mpaka wapazoee. Wakala, wakalala, wakatulia. Akawafungua. Wawili walibaki wakiparura. Kishingo alijitikisa, akaruka ukuta, akatua kwa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mama wa makamo, mtu wa pwani, mpole, anayemuuguza mumewe humo ndani. Jioni alikuja na kuku kwapani. "Kuku wenu huyu," akasema, akaondoka hata kukaa hakukaa. Ikawa ndio mtindo. Asubuhi kishingo anashiba kwetu, anaruka ukuta, jioni analetwa. Yai hatukuliona hata moja.

Mama akaanza kuunganisha mambo.

"Mbona akibebwa na yule bibi hapigi kelele? Mie nikimshika, utadhani nachinja!" Alimnusa manyoya, akamkagua kucha, akampanua mdomo na kuchungulia humo kama daktari. "Huyu kalishwa kitu. Anakula kwangu, anataga kwake. Haiwezekani."

Nikatumwa kuchungulia. Ukutani palikuwa na tundu kati ya tofali na tofali, na kupitia hapo nilimwona Bi Tatu ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, kishingo yuko miguuni pake anadonoa machicha. "Umerudi tena, Shangazi?" alimuuliza, na kuku akaitika kwa ile sauti ya chini ya kuku aliyeridhika. Niliona wivu. Kwetu hakuwahi kuniitikia hata siku moja. Nikakimbia kumwambia mama.

"Kumbe kashampa na jina!" Akajifunga kanga kiunoni.

Hata ugomvi, kwetu, huanza na adabu.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimefuata mayai yangu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, na mtaa ukasikia, mifagio ilisimama. Bi Tatu hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la pumba, mayai yamepangwa humo vizuri. "Nilingoja yafike ya kuatamia ndo nikuletee," alisema. "Mfunge tena, mwanangu. Mfunge sana, mpaka asahau." Mama alisema, tulipofika nyumbani, kwamba ndivyo mwizi anavyosema akikamatwa.

Tukamfunga. Bi Tatu hakuonekana tena barazani kwake. Kishingo alizunguka mlimao mpaka kamba ikaisha, kisha akasimama ameuelekea ukuta, na chakula hakukigusa.

Ndipo mchuuzi alipopita tena. "Eh, Mama, huyu bado mnaye? Yule bibi jirani yenu atafurahi. Siku aliyoniuzia alinisindikiza mpaka kona, ananisihi nisimpeleke kwa watu wa supu. Mumewe alikuwa anapelekwa hospitali, hakuwa na jinsi."

Mama aliliweka chini kopo la pumba. Mtu wa Singida, aliyekulia kwenye kuku, alikuwa hajamuuliza mchuuzi kuku katoka wapi. Huko kwao kuku wa kununua hutoka kijiji cha mbali, na kamba ya siku chache inatosha. Hakuwaza kwamba wa mjini anaweza kutoka ng'ambo ya ukuta, anasikia nazi ya kwao ikikunwa kila asubuhi.

Aliifungua kamba mwenyewe. Akampakata kuku, akanibebesha bakuli la mayai, tukaenda. Safari hii shikamoo yake ilikuwa ya chini, mtaa haukusikia kitu.

"Nimekukosea, Bi Tatu. Naomba aatamie hapahapa kwako."

Bi Tatu alimpokea kwa mikono miwili, akalia waziwazi, na mama naye akalia. Mimi nilikasirika. Nilijua vifaranga vyangu ndio vimekwenda hivyo.

Vilikuja, na vingi vikapona. Leo nina kuku wangu mwenyewe, na nikimnunua mgeni nauliza kwanza kwao ni wapi. Lakini zile jioni zimenichukua miaka kuzielewa. Kishingo alikuwa amerudi kwao kwa hiari yake, na Bi Tatu angeweza kunyamaza tu, sisi tukaamini kicheche kamla. Badala yake alimwinua, akamweka kwapani, akatuletea. Alimuuza mara moja kwa mchuuzi, kisha kila jioni akamuuza upya.