Dakika Mbili Kabla ya Shikamoo

Agnetha wa Ngokolo hakupanga kuwadharau watu. Watu wenyewe walimletea sababu mpaka mlangoni. Mtu anakuja na gari linalofuka moshi mtaa mzima, anashuka akizungusha funguo kidoleni, anasema, "Fundi, gari ni zima kabisa, lina kelele kidogo tu." Kelele kidogo! Agnetha alikuwa anaweka sikio kwenye boneti bila hata kuifungua, kisha anamwambia mwenye gari, "Hili mpelekee padri, labda atalipaka mafuta ya wagonjwa." Mteja anaondoka amenuna. Wiki ya pili anarudi akivutwa kwa kamba, na Agnetha anamsubiri hapo hapo na neno jingine.

Mdomo huo ulikuwa umeshafukuza waume wawili. Wa kwanza alivumilia miaka minne. Wa pili alidumu miezi saba, akaondoka akaacha hata viatu. Nyumbani walibaki wanawake watatu: Agnetha mwenyewe, mama yake mzazi Hosiana, ambaye macho yalimpungua akawa anashinda barazani akisalimiwa na wapita njia, na Ritha, binti pekee wa Agnetha, muuguzi mkunga katika kituo cha afya Kagongwa.

Ufundi wake Agnetha aliupata mgodini, upande wa Geita. Miaka kumi na moja alifungua na kufunga injini za malori ya kubebea mawe, yale ambayo tairi lake ni refu kuliko mtu. Huko alijifunza sheria moja iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: dereva hazimi injini mpaka ingurume pale pale kwa dakika tano. Turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ili iwe na nguvu, huzunguka kwa kasi ya ajabu na huwaka moto kweli kweli, na kinachoipoza ni oili inayopita ndani yake. Ukizima ghafla, oili inasimama, turbo bado inazunguka, oili inaungulia humo humo na kuganda. Fanya hivyo kila siku, mwaka hauishi turbo imekwisha. Mgodini dereva aliyesahau aliandikishwa maelezo. Agnetha alipoacha kazi na kufungua gereji nyuma ya nyumba yake Ngokolo, alikuta magari madogo yanahitaji dakika mbili tu, na bado mji mzima unafanya kosa hilo kila siku, na unaliita adabu.

Maana Msukuma aliyelelewa akalelewa hamsalimii mkubwa huku gari linanguruma. Atakuja mbio kutoka Kahama, mguu umekanyaga mafuta mpaka sakafuni, lakini akimwona mzee mmoja tu kaketi kwenye kigoda, anazima palepale, anashuka, anachuchumaa, "Mwadila, baba." Salamu zinaanza: habari za hapa, za ng'ombe, za mvua, za mgonjwa wa mwaka juzi. Nusu saa nzima. Turbo inaungua kimyakimya kwenye boneti, na watu wanasema, tazama kijana mwenye heshima. "Shikamoo imeua turbo nyingi kuliko vumbi," Agnetha alikuwa akisema, na hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Sasa, shida iliyomfika ilikuwa hii. Gari la Ritha, kikopo cha zamani kilichokuwa kikikohoa tangu siku kilipofika, lilimlaza njiani, Tinde, mara tatu katika mwezi mmoja. Mara zote tatu alichelewa zamu, na mara ya tatu kulikuwa na mama aliyemsubiri kitandani. Mfawidhi wa kituo alimwita, akamwambia kwa upole kwamba nyumba ya watumishi ipo, ina umeme, na angefikiria kuhamia. Ritha alirudi akalisema jambo hilo wakati wa kula, bila kupepesa.

"Mama, nataka kuendelea kulala hapa. Lakini gari likinilaza njiani mara moja tena, nahama."

"Hama," Agnetha alijibu. "Utapikiwa na nani huko?"

Lakini lisemwe wazi: aliogopa. Mwanamke aliyewacheka watu wa wilaya nzima aliogopa kubaki na mama mzee asiyeona na gereji iliyojaa vyuma, bila mtu wa kumjibu mezani. Ritha ndiye pekee aliyekuwa akijua kumjibu.

Basi wakaanza kutafuta gari lililotumika. Ritha alitaka lenye turbo. Njia ile imejaa malori ya kwenda Rwanda, alisema, yanafuatana matano, sita. Gari lisilo na nguvu linakaa nyuma ya malori hayo mpaka Isaka, na ukijaribu kuyapita kwa gari bovu unazikwa. Agnetha alimcheka siku mbili. Akamwita dereva wa mashindano, akamuuliza kama wajawazito wa Kagongwa wanazaa kwa kushindana. Siku ya tatu akakubali, kwa sababu hoja ilikuwa ya kweli. "Turbo si mbaya," alisema. "Wabaya ni wenye nazo. Kwa hiyo hatutakagua gari. Tutakagua mtu."

Wa kwanza kuja alikuwa George, broka wa dhahabu kutoka Katoro. Gari lake dogo la bluu lilikuwa na bawa mgongoni, sijui lilitaka kuruka kwenda wapi. Liliingia mtaani likipiga mluzi wa turbo, likapiga breki mbele ya uzio, na hapo George akamwona bibi Hosiana barazani. Alizima gari hata tairi halijatulia vizuri. Akaruka, akachuchumaa mbele ya bibi, akamsalimia kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, akamuuliza hali ya miguu.

"Kijana mzuri," alisema bibi Hosiana.

"Mzuri sana," alisema Agnetha. "Gari lake limekufa."

George alifungua boneti kwa fahari. Injini iling'aa kama sufuria ya bi harusi. Agnetha alimtazama kwa huruma ya kejeli.

"Wewe ni broka. Mtu akikuletea dhahabu imeoshwa na asidi ikang'aa hivi, unainunua?"

"Siwezi, mama. Lazima niikwangue kwanza."

"Basi ulivyoniletea mimi injini iliyooshwa na sabuni ya unga ulidhani nitafanyaje?"

Akachomoa bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akashika shafti ya turbo. Ilicheza huku na huku kama jino la mtoto. Vidole vilitoka vimelowa oili. Alivifuta taratibu kwenye bawa la gari, na George akaondoka bila kuaga, adabu yote imemwishia.

Wa pili alikuwa mzee Clemens, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, aliyeachiwa gari la turbo na mwanawe wa Dar es Salaam. Mzee huyu hakuwahi kukimbiza kitu maishani mwake, hata kuku. Ritha alifurahi, akadhani wamepata. Agnetha aliuliza swali moja tu: "Mzee, Jumamosi unatembelea nyumba ngapi za jumuiya?" Kumi, mzee alisema, wakati mwingine kumi na mbili. Na kila nyumba unazima? Mzee alishangaa. Kwani angewasalimiaje watu wa Mungu gari likinguruma? Agnetha alitazama oili, ikawa nzito na nyeusi kama lami. Safari hii alijizuia asiseme neno, kwa kuwa mzee ndiye aliyemzika baba yake. Lakini alipiga ulimi kinywani kwa sauti, na mzee alisikia.

"Kwa hiyo," alisema Ritha wakiwa wamerudi ndani, "unatafuta mtu asiye na adabu."

"Kabisa. Anayewaacha wakwe wasimame juani mpaka injini ipoe."

"Yupo mmoja. Magesa wa Ibadakuli. Analiuza lake, amehamishwa kazi."

Ngokolo nzima ilimjua Magesa, na waliomjua walimjua kupitia mdomo wa Agnetha.

Ilikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma, siku ya msiba wa baba yake Agnetha, wanawake wakiwa katikati ya kilio, gari lilikuja likasimama langoni na kuendelea kunguruma. Ndani alikaa mwanamume mmoja, mikono kwenye usukani, anatazama mbele. Watu walimsubiri ashuke. Hakushuka. Agnetha aliinuka mkekani, kanga imemlegea, akaenda mpaka dirishani. "Umekuja kuzika au kutupigia ngoma?" alimuuliza kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Kama unaogopa vumbi la msiba wetu, rudi ulikotoka!" Mwanamume aligeuza gari akaondoka. Tangu siku hiyo Magesa alipewa jina la Ngurumo. Jirani yao Dorika, ambaye habari haikai kinywani mwake hata ipoe, alilitembeza jina hilo mpaka sokoni. Kwenye sherehe Magesa aliachwa akae peke yake, na watoto walimngurumia akipita.

Na Agnetha, fundi wa turbo, alijua. Siku ile ile aliusikia mluzi ule kabla gari halijasimama. Alijua mtu yule anafanya nini, na pengine ndiye pekee pale msibani aliyejua. Lakini hasira ilikuwa tamu kuliko uchungu, akaichagua.

Waliondoka kwenda Ibadakuli asubuhi. Magesa aliwapokea nje, mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu.

"Shikamoo, mama Ritha."

"Marahaba." Hakuongeza habari za hapa wala za mvua.

Gari lilikuwa la kijivu, halina bawa, halina mapambo. Injini ilikuwa imejaa vumbi la kawaida la mtu asiyeficha kitu. Agnetha aliinama juu yake, na kwa mara ya kwanza kwa wiki mbili hakukuta cha kudharau, jambo lililomuudhi. Bomba lilikuwa kavu. Shafti haikucheza hata unywele. Oili ilikuwa safi. Alilizungusha gari mpaka barabara kuu na kurudi, likavuta kwa nguvu moja laini, bila moshi. Alipofika uani mkono wake ulienda kwenye funguo, ukasita, ukarudi. Wote watatu walisikiliza injini ikinguruma pale pale dakika mbili.

Alizima, akashuka, akiwa bado anatafuta pa kumshika.

"Nani alikufundisha kulitunza hivi? Fundi wa Dar?"

"Wewe," alisema Magesa.

"Mimi? Lini?"

"Miaka sita iliyopita, wiki niliyolinunua. Nililileta gereji kwako ulikague. Hukunitazama usoni, ulikuwa unaongea na injini. Ulisema, 'Nyie mtaziua turbo zote kwa shikamoo. Usizime kabla ya dakika mbili, hata ukiwakuta watu wanalia.' Nikayashika. Nikawakuta wanalia."

Babehi! Ritha aligeukia ukuta asitazamane na mama yake. Agnetha alitaka kukataa, lakini aliyajua maneno yake kama mtu anavyoijua kanga yake kwenye kamba ya jirani. Miaka mitatu alikuwa amemcheka mtu kwa kumtii yeye.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Ulikuwa umefiwa."

Aliyeitwa hana adabu ndiye aliyesema hivyo. Agnetha alifungua mdomo kuomba radhi, Magesa akainua kiganja.

"Gari chukueni, Ritha anahitaji kufika kazini. Lakini radhi usinipe hapa, mama Ritha. Ulinitukana mbele za watu. Ukiniomba radhi tukiwa watatu uani, mimi nitaiweka wapi?"

Jumatatu Ritha alienda Kagongwa akafika kabla ya zamu. Jioni, jua likiwa bado juu ya paa, gari la kijivu liliingia mtaani, likasimama langoni, likaendelea kunguruma. Ritha alibaki ndani, mikono kwenye usukani. Bibi Hosiana aliinua uso barazani kusubiri salamu. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele kwa Dorika wakaacha ungo.

"Mh!" Dorika aliita kutoka kwake. "Mama Ritha, mwanao naye amekuwa Ngurumo? Bibi yake anamsubiri na yeye kajikalia tu humo! Huyu alifunzwa na nani?"

Agnetha alikuwa na jibu la kumchoma Dorika, na lilikuwa zuri, lilishafika kwenye ulimi. Alilimeza. Akatoka gereji na mikono yake ya oili, akasimama katikati ya njia ambako kila mtu angemsikia.

"Nimemfunza mimi," alisema. "Gari la turbo halizimwi likiwa la moto. Na Magesa nilimfunza mimi, nikamsahau, akaja kumzika baba yangu nikamfukuza. Nilijua anachofanya, Dorika. Nilijua na nikamtukana. Asiye na adabu siku ile nilikuwa mimi. Jina mlilolibeba mpaka sokoni, lirudisheni kwangu, na kesho naenda Ibadakuli kumwomba radhi. Anayetaka kushuhudia aje."

Dorika alirudi kwenye ungo wake. Injini iliendelea kunguruma, na Agnetha akasimama pale akitazamwa mpaka dakika mbili zikaisha, na zilikuwa ndefu.

Kisha Ritha akazima, akashuka, akapita mbele ya wanawake wote mpaka barazani, akapiga magoti, akamwamkia bibi yake kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu," alisema bibi Hosiana. "Leo umewahi kurudi nyumbani."