Kambale Wote wa Kartie ya Juu

Baba yangu, Salomon Mathe, hakujua kukaa. Alikula amesimama, sahani mkononi, na mama alishachoka kumwekea kiti. Kanisani alichagua benchi la karibu na mlango, na mahubiri yakizidi kidogo alitoka kwenda kuangalia kama mvua inakuja. Watu wa Butembo walidhani alizaliwa hivyo. Si kweli. Mama, Florentine, alikuwa akisema kwamba aliolewa na mtu mtulivu kabisa, karani wa bureau, ofisi ya Serikali, mwenye shati jeupe, aliyeweza kukaa mezani tangu asubuhi hadi jioni bila kunyoosha mguu. Kilichomtoa kitini ni kalamu nyekundu, na nitaieleza hapa kwa sababu wengine wameisimulia vibaya vya kutosha.

Mwaka wa hamsini na tisa Wabelgiji walitangaza kwamba wanaume watachagua wajumbe wa baraza la mji. Wanaume tu. Sisi wanawake tulihesabiwa pamoja na mbuzi, yaani hatukuhesabiwa. Mji uligawanywa katika makartie, yaani mitaa, na kila wanaume mia tatu walistahili mjumbe mmoja. Kartie ya Soko, ng'ambo ya mto Kimemi, ilikuwa ya wafanyabiashara na wenye malori, wengi wao Waislamu. Kartie ya Juu, upande wetu wa mlimani, ilijaa watu walioshuka kutoka Masereka na Kipese, wakulima wa viazi na kabichi. Hata kwa macho tu uliona kwamba kartie yetu ilikuwa na watu wengi zaidi.

Sasa, kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo. Wasichana nao wana zamu yao, Masika, Kavira, Kavugho. Ukiita Kambale njiani, watu sita wanageuka. Kanisani kila mmoja alikuwa na jina la ubatizo, lakini hilo lilikuwa la Padri. Kwa Bula Matari, yaani Serikali, mtu alitaja jina lake la nyumbani na la baba yake, nalo la nyumbani, basi. Hivyo orodha ya Kartie ya Juu ilikuwa na Kambale mwana wa Paluku themanini na tatu, mmoja chini ya mwingine.

Ajenti wa Kibelgiji aliyesimamia uandikishaji alikuwa amehamia kwetu miezi michache tu. Alipoisoma orodha alicheka, halafu akakasirika. Alimwambia baba kwamba watu wa mlimani ni wajanja, wamejiandikisha mara kumi kumi ili wapate kura nyingi. Akampa kalamu nyekundu na rula, afute kila jina linalojirudia. Baba alijua. Yeye mwenyewe alikuwa Kasereka mwana wa Paluku, na ndugu zake walikuwa kwenye orodha ileile. Sentensi moja ingetosha. Lakini alikuwa na kazi hiyo moja tu, mke, mtoto mdogo, na nyumba yenye nusu ya mabati, akasema ndiyo bwana, akashika rula. Alifuta siku mbili. Wanaume mia saba na kumi na wawili wakabaki mia mbili na arobaini.

Kwa kuwa hawakufika mia tatu, Kartie ya Juu haikustahili mjumbe wake. Ajenti alivuta mstari mpya kwenye ramani ya mji, akatuunganisha na Kartie ya Soko, na siku ya kura wanaume waliofutwa walirudishwa mlangoni. Wajumbe wote watatu wakatoka Soko. Mmoja wao alikuwa Aruna, mwenye lori, rafiki wa baba. Kikao cha kwanza cha baraza kilipitisha barabara mpya ya soko, na barabara hiyo ilipanda mlima katikati ya viwanja vyetu. Hakuna aliyesimama kuuliza, kwa sababu hakuna wa kwetu aliyekuwa na kiti.

Hapo ndipo miguu ya baba ilipoanza kumuwasha. Akifunga bureau hakuja nyumbani, alipanda mlima. Mama alifikiri ana mwanamke huko, na kusema kweli alikuwa na wanawake wengi, ila wote walikuwa wazee. Baba alikuwa ametafuta kitu cha kumtenga Kambale mmoja na mwingine, na aligundua kwamba wanaume wenyewe hawakukijua vizuri. Waliojua ni mama zao. Basi alinunua daftari nene lenye jalada la kitambaa, akaenda nyumba kwa nyumba, akaandika kila mwanaume kwa jina la mama aliyemzaa.

Msifikiri ilikuwa rahisi. Wanaume wengine waliona aibu mama zao kuandikwa kwenye kitabu cha Serikali. Mmoja alimfukuza baba kwa jembe. Halafu akina mama nao wana majina ya zamu, akina Kavira walikuwa wengi kama majani, ikabidi aandike pia kila mama anajulikana kwa nini. Ndiyo maana daftari lile lilisomeka hivi: Kambale, wa Kavira muuza chumvi. Kambale, wa Kavira asiye na meno ya mbele. Kambale, wa Kavira aliyegombana na Padri. Bibi zetu, ambao hawakuwa na kura, waliingia mle na chumvi zao na ugomvi wao, na wanaume wakapata kuwa watu kwa sababu yao. Mimi nafurahi kila nikikumbuka jambo hilo, na sioni kwa nini nisiseme.

Ilimchukua Jumapili zote hadi Pasaka. Akampelekea ajenti, ajenti akafungua ukurasa mmoja, akafunga. Alikuwa tayari anapakia masanduku yake. Uhuru ukaja, ajenti akaondoka, na mkuu mpya wa bureau, Phinées, Mnande mwenzetu, alisoma daftari usiku na mchana akicheka hadi machozi kwa sababu nyanya yake alikuwamo. Alilipeleka mbele ya baraza, aombe mstari urudishwe mtoni na Kartie ya Juu ipewe wajumbe wawili.

Wajumbe wa Soko walinuna, maana mmoja wao angepoteza kiti. Walisema daftari ni masimulizi ya vikongwe. Aruna ndiye aliyesimama, na kiti chake kilikuwa hatarini kama vya wenzake.

"Mimi napakiaka mboga ya Kartie ya Juu kila siku ya ine," alisema. "Kama Kambale iko mutu moja, basi ule mutu iko na nguvu sana, juu ya vile camion yangu inajalaka mara mbili."

Baraza zima lilicheka, na baada ya kucheka walishindwa kukataa. Mstari ukashushwa hadi mto Kimemi. Mwaka wa sitini na moja kartie yetu, ikitumia daftari lenyewe badala ya orodha mpya, ilichagua wajumbe wawili, mkubwa wao akiwa fundi seremala aitwaye Sikuli. Barabara ikapindishwa pembeni ya viwanja. Unaweza kudhani baba sasa angetulia, lakini alianza kuamka alfajiri kwenda kupitia ule mpaka, kuona kama kuna nyumba imejengwa upande usioandikwa.

Mwaka wa sitini na nne Wasimba, waasi waliotoka mbali na mikuki na ngozi za wanyama, waliingia mjini. Walichukua lori la Aruna, wakakaa katika bureau. Walichukia makarani na wajumbe. Sikuli alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Uganda, wakamkosa, lakini mtu mmoja wa mjini, sitamtaja ukoo wake kwa sababu watoto wake hawana kosa, aliwapa barua ya kusema nani walitia sahihi karatasi ya kumpendekeza Sikuli. Watu kumi na mmoja. Kambale mwana wa Paluku, Kambale mwana wa Paluku, Kambale mwana wa Paluku, namna hiyo hadi mwisho. Barua haikusema mama zao.

Baba alisikia habari ya barua hiyo saa tatu asubuhi. Alielewa mara moja, kabla ya wengine wote. Kitabu alichokiandika ili kila mwanaume ahesabike, sasa kingemfanya kila mwanaume apatikane, pamoja na nyumba yake na mama yake. Bahati daftari lilikuwa nyumbani. Alikuwa na tabia ya kulibeba. Mama alikuwa ameinjika maharagwe. Walichana kurasa mbili mbili, wakazitia chini ya chungu, kwa sababu karatasi nene ikitiwa nyingi inatoa moshi bila kushika moto. Mimi, Godelive, nilikuwa na miaka kumi. Nilimwona baba akisoma kila ukurasa kabla ya kuuachia, midomo ikitembea, na niliogopa kumwangalia. Maharagwe yalipoiva daftari lilikuwa limekwisha, na tuliyala.

Walimkamata siku hiyohiyo. Walimuuliza daftari liko wapi, akasema hakuna daftari, kuna orodha, iko kabatini. Na kweli ilikuwamo, ile ya mwaka wa hamsini na tisa, yenye mistari myekundu ya mkono wake na muhuri wa Wabelgiji. Wakamuuliza hawa Kambale ni akina nani.

"Ni mutu moja tu," baba aliwaambia. "Alijiandikishaka mara mingi, njo maana Mubeleji alimufuta. Kisha alikwenda Uganda."

Wakamuuliza hivyo siku nne, kwa fimbo na kwa kitako cha bunduki, na siku nne alijibu hivyo. Uongo alioshindwa kuukataa akiwa na shati safi, sasa aliushikilia kwa damu mdomoni. Kila walipompiga waliangalia orodha, wakaona kwamba hata Mzungu alisema ni mtu mmoja. Siku ya tano walichoka naye, wakamwachia na mbavu mbili zilizovunjika. Wale kumi na mmoja walikuwa mashambani mwao muda wote huo, wakipanda viazi, na hakuna aliyeguswa.

Wasimba wakaondoka. Mwaka uliofuata Serikali ilitaka kuhesabu upya kwa ajili ya baraza, na tume ilitoka Beni kuja kupanga makartie. Ilikuta nini kabatini? Orodha ile. Na ilikuta maandishi ya Wasimba pembeni, kwamba karani Mathe amethibitisha ni mtu mmoja. Karani mwenyewe, mbele ya mashahidi. Tume ilisema Kartie ya Juu ina wanaume mia mbili na arobaini, ikapandisha mstari kutoka mtoni, na ikatoa mwezi mmoja kwa mwenye pingamizi kuleta ushahidi ulioandikwa.

Wanaume walijaa uani kwetu. Walitaka daftari. Baba aliwaambia limeungua, nao wakamwambia aliandike tena, wanajua analo kichwani. Alikuwa nalo, ukurasa kwa ukurasa. Nilimsikia akilitaja akizungukazunguka nyumba. Lakini alikataa. Alisema hataandika tena mtu mahali ambapo atapatikana. Wengine walimwelewa. Wengine, na wawili kati yao walikuwa katika wale kumi na mmoja, walisema ndiye aliyekula kiti chao mara ya kwanza na sasa anakila tena. Baba alipita katikati yao akaenda mtoni, akarudi, akaenda tena. Mimi nilitamani kuwarushia mawe.

Wiki ya tatu alikuja Kavira muuza chumvi, mama wa Kambale mmoja katika wale kumi na mmoja. Alikuja mchana, peke yake, akakataa maji na akakataa kiti.

"Mwana yangu iko muzima juu ya hapana kuandikwa," alisema. "Minakushukuru, Baba Godelive. Mais sasa Leta, Serikali yenyewe, inasema haiko. Mi nilizaa mutu, donc andika kama nilizaa."

Baba alimwambia kwamba wale wa fimbo wanaweza kurudi, kama si hao basi wengine, na kitabu hakichagui msomaji. Kavira alisema anajua. Alisema mtoto asiyeandikwa popote hata akiuawa hakuna atakayeulizwa. Halafu alisimama pale tu, mikono kifuani, na ilikuwa wazi kwamba hataondoka.

Baba aliingia ndani, akatoka na daftari langu la shule, kwa kuwa hapakuwa na lingine, akachana kurasa zangu za hesabu. Kavira alifikiri ataanza na Kambale wake, akaanza kumtajia. Baba alimwomba angoje. Mstari wa kwanza kabisa aliandika Kasereka Mathe, wa Kahindo mpishi wa misheni, nyumba ya nne kutoka daraja la Kimemi, na akauandika kwa herufi kubwa. Nilimuuliza kwa nini sisi mbele ya wote. Alisema atakayekuja na kitabu hiki kutafuta watu, atasoma kuanzia juu.

Mama alipouona mstari ule hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alikaa mbele yake, akamtajia Kavira watatu ambao baba alikuwa amewasahau.