Meno ya Kamera: Miaka Yangu ya Kuandika Matangazo ya Mnada Sumbawanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa na kukatazwa kupumua. Mkuu wa Studio, mfanyabiashara aliyehamia Sumbawanga kutoka Mbeya, aliweka lenzi mbele yangu akasema, "Futa. Ukiipulizia kwa mdomo, unaondoka leo leo." Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Ufipa ilikuwa ikitutoa moshi vinywani. Nikafuta kwa kuzungusha, kutoka katikati kwenda ukingoni, nimebana pumzi. Nilipomaliza aliinua lenzi kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeona nini ndani?"

"Sijaona kitu, mzee."

"Basi hujaangalia. Lenzi iliyotumika haikosi kitu."

Studio ilikuwa mtaa wa Mazwi, chumba kimoja cha kupigia picha na kimoja cha giza, yaani kile tulichosafishia filamu chini ya taa nyekundu ili mwanga usiziharibu. Nilikaa humo muda mrefu: picha za vitambulisho, za kipaimara, za maharusi waliokuja wamepanda baiskeli na shela limefungwa kiunoni lisiingie kwenye mnyororo. Kisha kila mtu akawa na simu yenye kamera, na foleni mlangoni ikakatika.

Nikahamishiwa tawi la Kipili, ziwani. Huko nilijifunza kuvu. Unyevu wa ziwa ukiingia ndani ya lenzi huotesha nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na picha hutoka kama imepigwa ndani ya mvuke. Msimamizi wa Tawi, Mfipa mpole aliyependa kuongea na vifaa kuliko na watu, alinifundisha kupokea kamera za kuuzwa. "Mteja akikuletea kamera," alisema, "iulize kamera. Mteja mpe kiti tu." Tulimulika tochi upande mmoja wa lenzi na kuchungulia upande wa pili. Wavuvi waliotuletea kamera zao walisubiri nje kimya, kama wanaosubiri majibu ya damu.

Baadaye binti wa Mkuu wa Studio alirudi kutoka chuoni akachukua biashara. Sote tulimwita Meneja, hata baba yake. Alifunga tawi la Kipili, akanirudisha mjini na kunikalisha mbele ya kompyuta. "Mama, tunaanza mnada wa mtandaoni," alisema, akiniita hivyo kwa heshima ya umri. "Mimi nitapiga picha za vifaa. Wewe utaandika."

Kwa wasioujua mnada huo: kamera iliyotumika huwekwa kwenye ukurasa pamoja na picha na maelezo, ambayo tuliyaita tangazo. Kunakuwa na dau la kuanzia na saa ya kufunga. Watu popote walipo hupandishiana dau, na aliye juu saa ya kufunga ndiye mshindi. Mshindi hajaishika kamera. Ameshika maneno yako tu.

Meneja alikuwa mwalimu mzuri, na mengi ninayoyajua ni yake. Kichwa cha tangazo, alisema, kibebe jina la kamera, namba ya toleo lake na vinavyokuja nayo, kama chaja, betri na lenzi. Niliwahi kuandika "Kamera kali sana, wahi!" akacheka mpaka akafuta machozi. "Mama, nani anaamka asubuhi anatafuta neno 'kali'? Anatafuta namba ya toleo!" Picha za vifaa alizipiga kando ya dirisha, juu ya kitambaa cha kijivu, bila taa ya kamera, kwa sababu taa hiyo huficha mikwaruzo na mnunuzi mzoefu akiiona hujua kuna kinachofichwa. Dau la kuanzia aliliweka chini ili watu wengi waingie mapema, maana mtu akishaweka dau mara moja huona kamera ni yake na hataki kunyang'anywa.

Tulitofautiana kwenye mambo mawili tu. Kasoro aliziweka mwisho kabisa, kwa sentensi fupi. Na mahali kamera ilipo, aliandika Mbeya.

"Ukiandika Sumbawanga," alinieleza, "mnada unageuka kijiwe. Unajua wanavyotusema."

Nilijua. Nani hajui? Mtu wa mbali akisikia jina la mji wetu anauliza habari za uchawi, za radi na ungo. Naye Meneja hakuona kama ni uongo. Kwao ni Mbeya, na mizigo yetu mingi ilibadilishiwa basi hukohuko. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza.

Ndipo akaja Masanja. Alikuwa kijana wa Kisukuma kutoka Kaoze, kule bondeni, ambako wazazi wake walihamia na mifugo yao. Aliamkia vizuri, akatoa kamera ndani ya fulana aliyoifunga fundo, kisha akaeleza shida yake bila kutazama mtu. Baba yake, Mzee Luhende, aliposafiri kwenda kwenye msiba ukweni, Masanja aliuza maksai wawili wa baba, wale wa kulimia, akanunua kamera ili awe mpiga picha wa harusi. Harusi zilikuwa chache na simu zilikuwa nyingi. Baba aliporudi na kukuta nira inaning'inia ukutani hakupiga kelele. Alisema tu, "Usilale hapa mpaka ng'ombe wangu walale hapa."

Masanja alikuwa akilala kwa mshikaji wake Mazwi. Mvua zilikuwa zinakaribia. Shamba lisipolimwa, nyumba nzima ingekosa chakula, wakiwemo wadogo zake. Kamera ilipaswa kurudi kuwa ng'ombe.

Tuliikagua. Ilikuwa nzima, ila mpira wa mshikio ulikuwa umebanduka kona moja, na kulikuwa na vumbi juu ya kile kioo cha ndani kinachopokea picha. Vumbi la aina hiyo huacha doa dogo jeusi, nalo huonekana hasa ukipiga picha ya anga. Meneja aliandika tangazo mwenyewe, maana aliona haraka ya kijana. Aliandika "Kama mpya", akaandika Mbeya.

Madau yalipanda vizuri ajabu. Masanja alikuja ofisini, akaona kiasi kilichoandikwa, akatoka nje mbio na simu sikioni. Tulimsikia kupitia dirishani: "Baba! Ng'ombe wamerudi! Wote wawili!"

Jioni hiyo mwenye dau la juu akaandika: "Nami niko Mbeya. Nielekezeni duka lenu, kesho nije kuiona." Meneja akamjibu ukweli. Yule bwana akajitoa. Waliofuata nao wakajitoa, na kijiwe kikafunguliwa. "Kumbe ni ya Sumbawanga! Hiyo haihitaji nauli, inakuja yenyewe." "Ukipiga picha ya watu wanne, anatokea wa tano." Watu walicheka kutoka pande zote za nchi. Meneja akafuta tangazo, akafunika uso kwa viganja.

Asubuhi yake Mzee Luhende akaingia ofisini. Alikuwa amepanda mlima kwa lori la mpunga, na mkononi alishika kamba mbili mpya za katani. Alikuja kuchukua ng'ombe wake.

"Shikamoo baba," alisema Masanja.

"Marahaba. Ng'ombe wako wapi?"

Meneja alivuta kiti, mzee hakukaa.

"Mzee, mnada umevunjika," alisema Meneja. "Mnunuzi alijua kamera haiko Mbeya."

"Kwani iko wapi?"

"Iko hapa."

"Sasa Mbeya imeingiaje?"

Meneja akaeleza habari ya utani. Mzee Luhende alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageukia upande wangu, labda kwa sababu mimi ndiye niliyemkaribia umri.

"Mama, mimi nikipeleka ng'ombe mnadani nasema huyu amekulia Kaoze. Kwenye joto, kwenye kupe. Mwenye kumtaka anamtaka akijua. Nikidanganya kwamba ametoka huku juu kwenye baridi, ataonekana tu, na mwaka kesho nikija na ng'ombe mzuri hawataniamini." Akaichukua kamera, akaigeuza juu chini. "Halafu wanamfungua mdomo, wanatazama meno, wanajua umri wake. Hiki mdomo wake uko wapi?"

Masanja alitaka kucheka akajizuia. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa zuri. Ndani ya kamera kuna pazia dogo liitwalo shata, linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha, nalo huchakaa. Kamera yenyewe huhesabu mafunguo hayo. Niliiunganisha na kompyuta nikamwonyesha hesabu. "Haya ndiyo meno yake, mzee."

Akasogeza uso karibu na kioo. "Na hayo meno mliwaonyesha watu?"

"Hapana."

"Mlimtembeza wakamwona anavyochechemea?"

"Hapana, mzee."

"Basi hamjafanya mnada. Mmefanya maombi."

Meneja alikuwa wa kwanza kucheka, na hapo hewa ikarudi chumbani. Nikamwomba aniachie niandike upya. Alisita. "Mama, ukianza na ubovu nani atasoma hadi chini?" Nikamjibu kwamba jana walisoma uzuri mpaka chini, na leo kamera bado iko mezani. "Haya," alisema. "Ila picha napiga mimi."

Tulihitaji pia picha iliyopigwa na kamera yenyewe, ili mnunuzi aone inavyofanya kazi. Masanja alimsimamisha baba yake nje, kamba mkononi, anga yote nyuma yake. Mzee alitazama matokeo kwenye kioo cha kamera.

"Hilo doa juu ya kichwa changu ni nini?"

"Vumbi, baba. Limeingia ndani."

"La Kaoze?"

"La Kaoze."

"Liacheni lionekane."

Tangazo nililoliandika bado nalikumbuka. Baada ya jina na namba ya toleo lilisema: "Kamera hii iko Sumbawanga mjini. Imefanya kazi Kaoze, Bonde la Rukwa. Mpira wa mshikio umebanduka kona ya kulia, tazama picha ya pili. Kuna vumbi ndani linaloacha doa moja, tazama juu ya kichwa cha mzee kwenye picha ya tano. Fundi anaweza kulisafisha. Hesabu ya shata iko kwenye picha ya sita. Vingine vyote vimejaribiwa na vinafanya kazi. Itasafiri kwa basi, kama mizigo mingine."

Kijiwe kilirudi, lakini safari hii utani haukuwa na pa kushika. Mmoja aliuliza kama mzee wa kwenye picha anauzwa pamoja na kamera. Masanja akamjibu: "Huyo ni mwenye mnada." Kisha mpiga picha mmoja wa kike kutoka Singida akauliza swali la kweli: mpira umebanduka kiasi gani? Niliweka ukucha wangu kando ya ufa, Meneja akapiga picha, tukamtumia. Akaweka dau. Mwingine akampandishia, yeye akarudi. Mzee Luhende alikataa kurudi Kaoze mpaka mnada ufungwe. Alilala kwa jamaa zake, na kila akija alisimama nyuma ya kiti changu kama dalali aliyenyimwa filimbi.

Ulipofungwa, yule mama wa Singida alikuwa juu. Dau lake halikulifikia lile la uongo la Mbeya. Lilitosha maksai mmoja na chenji ya nauli.

Masanja alisema kwa sauti ya chini. "Baba, ng'ombe mmoja halimi."

Mzee alikuwa akikunja kamba moja, akaitia kwapani. "Mmoja anavuta upande mmoja. Jirani anaye wa upande wa pili, naye amepungukiwa. Watafungwa pamoja, na wewe ndiye utakayewafundisha kupatana." Ile kamba ya pili akampa mwanawe. "Shika. Tukamtafute kabla lori halijaondoka."

Yule mama wa Singida alipopokea mzigo aliandika kwenye ukurasa wetu: "Nimeikuta kama mlivyosema, hata doa lipo." Meneja alisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Wiki ile akaondoa Mbeya kwenye matangazo yote na kuniambia niwe naanza na kasoro. Tuliuza hivyo miaka yote iliyobaki. Utani haukuisha, lakini waliotuuliza maswali ya kweli waliongezeka, na hao ndio wanaonunua.

Nimestaafu sasa, tangu macho yangu yalipoanza kuchoka na maandishi madogo ya kwenye lenzi. Vijana huniuliza siri ya kuandika tangazo. Ninawaambia wamfikirie mtu mmoja aliye mbali, anayetoa alichonacho kwa kitu asichokishika, kisha wamwandikie kila ambacho angekiona kama angesimama mezani pao. Wengine hutikisa kichwa na kwenda kuandika "kama mpya". Siwalaumu. Shida ikikubana, maneno matamu ndiyo yaliyo karibu na mkono.

Msimu wa kulima uliofuata mnada ule niliteremka Kaoze kuona mambo yalivyo. Masanja alikuwa shambani, anatembea nyuma ya maksai wawili wasiolingana kimo, mtaro umepinda kama njia ya mlevi, na baba yake ukingoni anapiga kelele, "Hiyo unalima au unatafuta sarafu?" Aliponiona alinyamaza, akaniita kivulini walipokuwa majirani zake wanakunywa maji, akanishika mkono.

"Mnamwona mama huyu?" aliwaambia. "Huyu ndiye aliyeisema vibaya kamera yetu mpaka ikanunuliwa."