Mama wa Pampu ya Minjila

Kazi yangu ni mahusiano ya wafanyakazi katika shirika moja la serikali linaloshughulikia maji ya mashamba. Ninakaa katikati: mfanyakazi akinung'unika anakuja kwangu, na mkubwa akikasirika anakuja kwangu vilevile. Watu wengi Garsen huamini nina uwezo wa kumrudisha mtu kazini. Uwezo huo sina. Nililijua hilo vizuri mwaka ule wa mafuriko, kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa akiendesha pampu yetu upande wa Minjila.

Alikuwa Mpokomo wa makamo, mjane, mwenye sauti nzito na kicheko kilichosikika kabla hujafika kwake. Kazi ile aliifanya mumewe kwanza. Mume alipofariki, yeye akaomba, akajifunza, akaajiriwa. Aliishi katika nyumba ya shirika karibu na kibanda cha pampu, pamoja na mama mkwe wake, ajuza ambaye miguu ilikuwa imemkatalia kabisa. Kila nilipokwenda huko ajuza yule alinishika mkono na kuniuliza nimeolewa wapi, nami kila mara nilimjibu upya.

Mto ulipofura, maji hayakuja kwa kishindo. Yaliingia mashambani taratibu, na kufikia adhuhuri yalikuwa yamefika mlangoni mwa kibanda. Kanuni yetu inasema mwendeshaji haondoki kituoni mpaka mota ya pampu ivutwe juu kwa mnyororo. Mtu mmoja hawezi kuivuta, na vibarua walikuwa wameshakimbilia kwao kuokoa watoto na mbuzi. Yule mama akampigia simu meneja wetu wa kituo. Baada ya simu hiyo alizima mtambo, akafunga kibanda, akambeba mama mkwe mgongoni hadi kwenye tuta la barabara ya lami, ambako watu walikuwa wakifunga maturubai. Mota ikazama. Haikuwaka tena.

Maji yalipopungua na barabara ikapitika, makao makuu ya Nairobi yakaagiza kamati ya nidhamu ikae. Shtaka lilikuwa kuacha kituo bila ruhusa. Mimi nilikuwa katibu wa kikao. Katibu huandika na kueleza kanuni, hapigi kura.

Alikuja amevaa nguo yake ya kanisani. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aliyetoka Hola, aliketi kando yake.

"Mama, nani alikuruhusu kuondoka?" mwenyekiti akauliza.

"Huyu hapa," akasema, akimwelekezea meneja mkono kwa adabu. "Nilimwambia maji yameingia. Akaniambia, mama, angalia maisha yako."

Mwenyekiti akamgeukia meneja. Meneja alikuwa mtu mpole, amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa chake cha jasho.

"Nilimwambia awe mwangalifu," akasema. "Sikumwambia aondoke."

Yule mama hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayedhani amesikia vibaya. "Mzee," akasema, "si ulisema maisha yako? Maisha yangu ningeyaangaliaje mle ndani, maji yakiwa kiunoni?"

Mwakilishi wa chama akasema kwa ukali kwamba hakuna kanuni inayomtaka mtu afe na mota. Watu wa kamati waliinamisha vichwa, na nilijua wanakubaliana naye. Lakini ruhusa haikuwa na shahidi. Wakaona ana kosa, wakapendekeza apewe onyo kali abaki kazini. Nilitoka pale nikipumua. Hata nilimwambia kwenye ngazi, "Mama, nadhani tumepona."

Nairobi wakakataa onyo. Wakasema afutwe.

Nilipiga simu mpaka nikampata afisa aliyeshughulikia jambo hilo. Nilimweleza habari za ajuza, za vibarua, za tuta la barabara. Alinisikiliza hadi mwisho, na sauti yake haikuwa ya ubaya.

"Madam, nakuelewa," akasema. "Lakini mota ile ilikuwa mpya, na wakubwa wanauliza. Lazima aonekane mtu amewajibika."

"Na rufaa?"

"Haki yake. Aandike."

Nilikwenda Minjila mwenyewe kumwambia. Nilimkuta akipanda mahindi kwenye tope lililoachwa na mto. Aliponiona nikiwa peke yangu akasimama, akajifuta mikono kwenye leso.

"Wamenifuta?"

"Ndiyo, mama. Na nyumba wanaitaka mwisho wa mwezi."

Alitazama nyumba, kisha akanitazama mimi. "Wewe ulisema tumepona."

"Nilisema, mama."

"Basi ingia umsalimie mgonjwa. Usipite hivihivi." Akatangulia. Ndani, ajuza akanishika mkono na kuniuliza nimeolewa wapi. Nikamjibu, nikakaa nao mpaka chai ikaisha.

Rufaa tuliiandika pamoja ofisini kwangu, yeye akieleza na mimi nikiandika. Wakahamia kwa ndugu wa marehemu mumewe, nyumba iliyojaa watu tayari. Miezi michache baadaye ajuza akafariki. Nilikwenda mazishini, na meneja akaniomba twende pamoja kwa gari lake. Nilishangaa kwamba anathubutu. Yule mama alimpa mkono kama alivyowapa wengine, akatuonyesha pa kukaa, akawaambia jamaa zake, "Hawa ni watu wa ofisi yetu." Tukaletewa wali na samaki. Meneja hakuweza kula.

Wakati wa kurudi, kabla hatujafika Garsen, alisimamisha gari pembeni.

"Nilimwambia aondoke," akasema. "Nilisema, mama, acha kila kitu, angalia maisha yako."

Nikasema, "Mzee, rufaa bado haijaamuliwa. Liandike neno hilo. Karatasi moja tu."

"Nikiandika watanifuta mimi. Nimebakiza kidogo, binti yangu. Nina watoto wanasoma."

"Basi nitawaambia mimi."

"Waambie. Wataniuliza, nami nitasema sikusema." Machozi yalikuwa yakimtoka alipokuwa akisema hivyo, na sikuona kama anaigiza. Akawasha gari.

Niliwaambia. Nilieleza yote, nikatia sahihi yangu. Wakamuuliza, naye akajibu kama alivyoniahidi. Rufaa ikatupwa. Meneja akastaafu kwa sherehe ndogo, na kwa kuwa ni kazi yangu, mimi ndiye niliyeagiza keki.

Yule mama sasa analima migomba na mpunga, na siku za soko huja Garsen kuuza ndizi. Nikimpitia hunichagulia chane nzuri na kuniuliza habari za nyumbani. Habari za kazi hatuzitaji. Wiki iliyopita alikuja ofisini na mwanamke mwingine, kibarua aliyeachishwa kazi kwa kuugua. "Nimemleta kwako," akasema, "nimemwambia wewe husikiliza." Nikamvutia mgeni kiti, nikamwomba anieleze tangu mwanzo.